Skrini Pana na Shamba la Dada

Skrini pana niliichagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na hakuna aliyenitapeli. Naliweka hili mbele kwa sababu watu wakisikia kitu kimeagizwa Dar kwa simu na kikafika na dosari, huanza kumtafuta mwizi. Mwizi hakuwepo. Nilikuwepo mimi tu.

Nina duka la steshenari mjini Singida. Natengeneza kadi za harusi, ratiba za mazishi, fulana za kipaimara na barua za watu wanaoomba kazi ambazo hawatazipata. Kwa miaka saba nilifanya yote hayo kwenye skrini ya kompyuta ya inchi ishirini na nne, yenye doa jeusi pembeni, ukubwa wa punje ya mtama. Wateja wengine walidhani doa hilo ni sehemu ya kadi yao, wakaniomba nilitoe. Mwaka huu nikasema basi. Muuzaji wa Dar akanitumia picha za skrini mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa ya umbo la kawaida, inchi ishirini na saba. Ya pili ilikuwa pana, inchi thelathini na nne, ndefu kama benchi la kanisani. Nikamuuliza ningepata hasara gani nikichukua ile pana kwa bei ileile. Akasema inategemea kazi. Mimi nikasikia hakuna hasara.

Ilifika kwa basi, imeviringishwa blanketi. Niliiweka mezani, printa ikahamia sakafuni, na bado ncha mbili za skrini zikaning'inia nje ya meza. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya kwanza watu walikuja kuitazama tu, hata wasio na kitu cha kuchapisha, na mimi nilikaa mbele yake nimenyoosha mgongo kama rubani.

Wiki hiyohiyo ofisi ya mtaa ilitangaza kwamba wapima ardhi wanakuja Mwankoko, nyumbani kwetu. Kila familia ilitakiwa kuleta mchoro wa mashamba yake, wenye vipimo na saini za wenye mashamba wote. Baada ya hapo zitawekwa bikoni, yaani nguzo za mipaka, na bikoni ikishazama kwenye zege, hata marehemu mwenye shamba akifufuka ataambiwa ajaze fomu. Kwetu wenye shamba ni wawili, dada yangu na mimi. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta, mchoro ukawa kazi yangu.

Shamba lenyewe lilikuwa la baba. Ni shamba la alizeti, limelala kando ya barabara ya vumbi. Upande mmoja, nyuma yake kuna majabali. Upande wa pili linashuka taratibu mpaka kwenye korongo. Baba alipofariki, baada ya arobaini, baba mdogo alikuja kuligawa. Katika familia yetu shamba hupimwa mdomo, yaani ule upande unaotazama barabara, kwa sababu huko ndiko watu wanakopita na ndiko nyumba itakakojengwa. Mgawaji ni ndugu wa marehemu, kipimo ni miguu yake, na hatua zake hazirudiwi. Kuzirudia ni sawa na kumwambia mzee amedanganya.

Baba mdogo alitembea siku ile mikono ikiwa nyuma, akihesabu kwa sauti. Mimi akanipa hatua sitini, upande wa korongo. Dada akampa hatua themanini, upande wa majabali. Katikati ikapandwa minyaa iwe mpaka. Majirani walishangaa kuona mtoto wa kike amepewa themanini na mtoto pekee wa kiume sitini. Mmoja alisema hajawahi kuona jambo kama hilo tangu azaliwe. Tulijiona watu wa kisasa sana. Mimi nilijiona zaidi ya wengine, kwa kuwa ndiye niliyepunjwa na bado nilikuwa natabasamu.

Kupunjwa huko nilikutaja mara nyingi katika miaka sita iliyofuata. Nilikutaja kwenye harusi, kwenye vikao vya ukoo, na mara moja nilimtajia fundi baiskeli ambaye hakuwa ameuliza. Nilikuwa kaka mwenye moyo. Dada yangu amenizidi miaka kumi na moja, na hakuwahi kunikatiza nilipokuwa naieleza habari hiyo. Ndiye aliyekuwa akilima mashamba yote mawili, lake na langu, maana mimi ni mtu wa mjini. Kila baada ya mavuno aliniletea dumu la mafuta ya alizeti, nami nikamshukuru kwa simu.

Mwaka jana nilianza kujenga kwenye sehemu yangu. Nilichimba msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, sebule ikiwa karibu na mpaka wa minyaa. Mawe ya msingi niliyatoa kwenye majabali yaliyo nyuma ya shamba la dada, trela tatu za trekta, na kwa kuwa ni mawe, sikumuuliza mtu. Mke wangu alishaamua makochi yatakaa wapi. Mimi nilishaamua ukuta wa televisheni.

Basi nikaufungua mchoro wa shamba kwenye skrini mpya, nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Herufi zilikuwa na meno. Mstari wa barabara, nilioupinda kidogo kwa ustadi, ulionekana kama ngazi. Nikasafisha kioo kwa shati. Nikasafisha miwani. Nikampigia simu muuzaji na kumweleza, kwa sauti ambayo mke wangu huiita ya mahakamani, kwamba ameniuzia kitu kibovu.

Akaniambia nisome maandishi kwenye boksi. Yalisema 2560 kwa 1080. Akaniambia zidisha. Nikachukua kalkuleta nikapata nukta za picha 2,764,800. Kisha akanipa hesabu ya ile ya inchi ishirini na saba niliyoidharau, 2560 kwa 1440. Nikazidisha, nikapata 3,686,400. Nikatoa moja katika nyingine, zikabaki 921,600. Hizo ndizo nukta nilizoziacha Dar kwa hiari yangu ili nipate kitu kirefu.

Nilimuuliza inawezekanaje kioo kikubwa kiwe na nukta chache. Akasema kwa upole kwamba zote mbili zina nukta sawa kwa upana, ila yangu ni fupi kwa kimo, na kwa kuwa kioo kimenyooshwa, nukta zenyewe zimekuwa nene na zinaonekana kwa macho. Akaongeza kwamba zipo skrini pana zenye nukta nyingi, 3440 kwa 1440, lakini bei yake ni nyingine. Nikaizidisha hiyo nayo, kwa hasira tu: 4,953,600. Na ile ya zamani yenye doa nikaizidisha pia, 1920 kwa 1080: 2,073,600. Angalau hiyo nilikuwa nimeizidi. Nilikaa na karatasi ile ya hesabu nusu siku nzima na sikumhudumia mtu vizuri.

Dada alikuja Alhamisi asubuhi kusaini mchoro. Nilimwamkia bila kusimama, naye akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka chini kikapu chake. Akaitazama skrini muda mrefu. Akauliza kama ni kioo au ni meza nyingine.

Nilikuwa nahitaji mtu wa kunihurumia, nikamweleza yote, inchi, boksi, na zile nukta laki tisa. Akauliza nukta ni kitu gani. Nikamwambia ni kama mashimo ya kupandia alizeti. Picha yote imepandwa kwenye mashimo, mistari kwa mistari, na kila shimo lina rangi yake. Ukitaka kujua yako mangapi, unahesabu mistari, unahesabu mashimo ya mstari mmoja, unazidisha. Nilijisikia mwalimu mzuri.

Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Akasema kwa hiyo juu zote mbili ni sawa, ila hii imekatwa chini. Nikakubali. Akasema na wewe uliangalia upana. Nikakubali hilo nalo, japo halikuwa na haja ya kurudiwa.

Akauvuta mchoro wa shamba niliokuwa nimeshauchapisha, akauweka juu ya magoti. Kwenye mchoro sehemu yake ilikuwa imeandikwa themanini na yangu sitini, kwa herufi nzito. Hapo akaacha Kiswahili akarudi kwenye Kinyaturu, lugha anayoitumia anapotaka maneno yasipotee njiani. Nayaandika hapa kadiri ninavyoweza.

"Mistari yangu ni themanini," alisema. "Kila mstari una mashimo tisini, halafu nakutana na jabali. Yako ni mistari sitini. Kila mstari una mashimo mia na themanini mpaka korongoni. Zidisha."

Kalkuleta ilikuwa bado inaonyesha 921,600. Niliifuta, nikazidisha. Yeye alikuwa na 7,200. Mimi nilikuwa na 10,800.

Nilirudia mara tatu, kwa sababu kuna vitu ambavyo mtu huvitilia shaka hata kalkuleta ikiwa haina ugomvi naye. Ilikuwa ileile. Wiki nzima nilikuwa nalia juu ya kitu kirefu chenye nukta chache, na miaka sita dada yangu alikuwa analima kitu kirefu chenye mashimo machache, huku mimi niliyepewa kile kifupi chenye kina nikipita nikisimulia nilivyopunjwa. Nyani haoni kundule. Na mimi nilikuwa nyani mwenye kompyuta.

Nikakasirika. Najijua, aibu ikinishika huwa inatoka kwa mlango wa hasira. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ileile, mbele ya baba mdogo, mbele ya watu wote.

"Nilisema," akajibu. "Nilimuuliza baba mdogo, na mawe je? Wewe ndiye uliyenijibu."

Sikukumbuka. Akanisaidia kukumbuka, bila kupandisha sauti. Alisema nilikuwa nimesimama pale mwisho wa zile hatua themanini, na nilimwambia, dada, mawe hayahesabiwi, wewe hesabu barabara. Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, na jambo likaishia hapo. Alipofika kwenye kicheko nikakumbuka. Nilikumbuka hata shati nililokuwa nimevaa. Nilikuwa nimelisahau neno lile kama mtu anavyosahau chakula alichokula akashiba.

Akafungua kikapu akatoa kalamu. Alikuja na kalamu yake kutoka nyumbani, kwenye duka la steshenari. Akaniuliza asaini wapi.

Nilimnyang'anya karatasi. Ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri siku ile, na nililifanya kwa ukali kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Nikamwambia arudi nyumbani, mchoro haujakamilika. Akaniangalia, akarudisha kalamu kwenye kikapu, akaniachia mayai kumi niliyokuwa sijayaona, akaondoka.

Hesabu ilikuwa rahisi mno, na hilo liliniumiza. Mashimo yote kwa pamoja ni elfu kumi na nane. Nusu yake ni elfu tisa. Dada alipungukiwa mashimo elfu moja na mia nane, ambayo ni mistari kumi ya kwangu. Kwa kuwa dada huweka mstari mmoja kwa hatua moja, ni hatua kumi. Mpaka usogee hatua kumi upande wangu, kila mtu awe sawa. Niliuchora upya kwenye skrini pana, na lazima niseme kwa mashamba mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu ile skrini ilifaa sana. Ilionyesha vizuri pia kwamba ndani ya zile hatua kumi kulikuwa na sebule yangu.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Akauliza kama makochi yatakaa jikoni. Nikasema tutaangalia.

Ijumaa nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta ameketi nje, goti lake bovu limenyooshwa juani. Nilimwamkia, nikapiga magoti kabisa, maana nilichokuja nacho kilikuwa kibaya. Nikamweleza habari ya mashimo. Skrini sikuitaja. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye alitoa sitini na themanini, na mtu yeyote aende akapime, atakuta ni sitini na themanini. Nikasema ni kweli. Akasema hatua zake hazina kosa. Nikasema hazina. Akasema hawezi kuzirudia. Nikabaki nimepiga magoti.

Akalikanda goti lake. Kisha akasema kurudia ni kitu kingine na kuongeza ni kitu kingine. Yeye harudii. Lakini kama mimi, mwenye sitini zangu, nataka kumwongezea dada yangu, yeye anaweza kuja kuongeza. Nilimshukuru. Mzee alikuwa amepata mlango ambao mimi nisingeuona hata kwa nukta milioni nane.

Jumamosi asubuhi tulikutana shambani watatu, baba mdogo, dada na mimi. Upepo wa Julai ulikuwa unapuliza vumbi la barabara moja kwa moja kwenye macho yetu. Alizeti ilishavunwa, yamebaki mabua tu, mistari yake imenyooka vizuri kutoka barabarani mpaka korongoni. Nilimkabidhi dada mchoro mpya, mimi nikabeba jiwe la kuweka alama ili wapimaji wakija Jumatatu waone pa kuweka bikoni.

Baba mdogo akasimama kwenye minyaa, akaelekeza fimbo yake upande wangu, akaanza. Moja. Mbili. Alihesabu kwa sauti ileile ya miaka sita iliyopita, ila goti halikuwa lile. Mguu wa kushoto ulikwenda, wa kulia ukaburuzwa kuufuata, na kila hatua ilikuwa hatua na bado haikuwa. Tano. Sita. Mimi nilikuwa nautazama msingi wangu. Aliposema kumi, akakita fimbo chini. Msingi wa sebule ulikuwa mbele yake, hajaufikia.

Nilipumua. Nasema ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Mzee ametoa kumi, hatua zake hazirudiwi, na nyumba imepona yote, makochi na televisheni. Nisingekuwa nimedanganya mtu. Ningeinama tu niweke jiwe pale.

Nikamtazama dada. Yeye alikuwa anatazama majabali yake kule nyuma. Safari hii nilijua kimya chake kimetoka wapi.

Nikahesabu mabua. Kutoka kwenye minyaa mpaka kwenye fimbo ya mzee, mistari ilikuwa minane. Nikahesabu tena kwa kidole, kama mtoto. Minane.

"Baba mdogo," nikasema, "mistari ni minane."

"Hatua ni kumi," akasema.

"Ni kumi," nikasema. "Na mimi naongeza mbili zangu."

Hakuitoa fimbo. Nikampita kwa mbali kidogo, kwa heshima, nikavuka mstari wa tisa, nikapanda juu ya msingi, nikashukia ndani ya sebule. Mstari wa kumi ungepita hapo kama ningeacha ulimwe. Nikaliweka jiwe chini, karibu na mahali ambapo ungekuwa ukuta wa televisheni, nikalisukuma kwa kisigino mpaka likakaa.

Dada alikuja polepole akasimama upande wa pili wa msingi. Akainama, akapitisha kiganja juu ya mawe niliyojengea, moja baada ya jingine. Anayajua majabali yake, na nilijua anachokitazama.

"Haya ni ya kule nyuma kwangu," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Na haya yanahesabiwa?"

Nikasema yanahesabiwa. Akakunjua mchoro mpya, akaulaza juu ya msingi, akaubana kwa mkono mmoja usipeperushwe na upepo, akatoa ile kalamu yake akasaini.